Maswali yenu: hivi kampuni kubwa za mafuta nazo zina wa kumuogopa?

Toleo lililopita niliandika mistari miwili tu, kwamba Exxon, kampuni kubwa ya mafuta ya Marekani, mwaka 2020 walipata hasara ya dola bilioni 22 na ushee, alafu 2022 wakapata faida ya bilioni 55 na ushee, nikasema tofauti yote hiyo karibu haikutoka ofisini kwao, ilitoka nje. Basi barua zimemiminika, wengine wananiuliza vizuri, wengine wananitukana kistaarabu. Nimechagua chache, tukae kitako.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo mwaka wa pili nasoma biashara, tumepewa kazi ya kuchambua mazingira ya nje ya kampuni kubwa za mafuta kwa kutumia ile PESTEL, yaani siasa, uchumi, jamii, teknolojia, mazingira na sheria. Nimechora jedwali vizuri lakini kila kitu nikikiweka kwenye siasa naona kinaingia na kwenye uchumi, nikikihamisha kinaingia na kwenye sheria. Nimeshafuta mara nne. Nakosea wapi? (Mwanafunzi aliyechanganyikiwa)

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujakosea popote, jedwali ndo linakuchezea. Hizo herufi sita ziliwekwa ili usisahau kitu, hazikuwekwa ili dunia ikae kwenye vyumba sita na milango imefungwa. Wewe unajaribu kuipanga dunia, ndo maana ufutio unaisha.

Fanya hivi, chukua tukio moja ulifuate linakokwenda. Februari 24, 2022 majeshi ya Urusi yanaingia Ukraine. Wakati huo BP, kampuni ya mafuta ya Uingereza, wana 19.75% ya Rosneft, kampuni ya mafuta ambayo serikali ya Urusi ndo yenye sauti. Siku tatu tu baadae BP wanatangaza wanatoka, na kwenye mahesabu ya robo ile wanafuta zaidi ya dola bilioni 24. Haya niambie, hiyo unaiweka chumba gani? Vita ni siasa. Watu wanaouliza kampuni yao bado inatafuta nini kule, hiyo ni jamii. Vikwazo ni sheria. Hela iliyofutwa ni uchumi. Na subiri kwanza, haijaisha, vita hiyohiyo ikapandisha bei ya pipa ikapita dola 120 mwezi Machi, kwa hiyo haohao BP waliopoteza huku wakawa wanavuna kwingine kote walikobaki, na mavuno yale yakaonekana na kila mtu aliyekuwa analia na bili ya gesi na umeme nyumbani kwake, ndo mwezi Mei serikali ya Uingereza ikaleta kodi ya ziada ya 25% kwenye faida ya mafuta na gesi inayochimbwa upande wake wa Bahari ya Kaskazini, Januari 2023 ikawa 35%, Novemba 2024 ikawa 38%, ukijumlisha na kodi zilizokuwepo unagonga 78%. Umeona tumepita vyumba vingapi bila kupiga hodi? Na ni tukio moja.

Kwa hiyo jedwali jaza, marks ni marks, lakini chini yake weka maswali matatu ambayo mimi ndo huwa naanza nayo kabla ya herufi yoyote. Mafuta yaliyo chini ya ardhi ni ya nani? Bei anapanga nani? Hela ya kuchimbia inatoka kwa nani? Utashangaa, kwenye yote matatu jibu sio kampuni.

La bei na la hela nimelijibu huko chini kwa wenzako, hapa nikae na la kwanza manake ndo zito. Watu wakisikia kampuni kubwa ya mafuta wanadhani ina mafuta. Hapana, ina mikataba. Sehemu kubwa ya mafuta ya dunia ni mali ya serikali, na serikali nyingi zina kampuni zao wenyewe, Saudi Aramco ndo jitu lenyewe hasa. Hawa wa Magharibi tunaowajua kwa majina, ExxonMobil, Shell, BP, Chevron, TotalEnergies na wenzao wachache, kwa hesabu ya Shirika la Kimataifa la Nishati ya mwaka 2020 wote kwa pamoja walikuwa wanatoa karibu 15% tu ya mafuta na gesi ya dunia, na akiba waliyonayo 12%. Jina kubwa mpaka kituo cha mafuta wengine tunakiita sheli, lakini shamba si lao, ni la kukodi.

Na mwenye shamba ana tabia yake. Unajua ule msemo wa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Hii biashara inauishi. Kabla kampuni haijaingia, serikali inabembeleza, njooni jamani, kodi nafuu, mkataba wa miaka mingi, manake kutafuta mafuta ni kamari, unaweza kutoboa bahari kwa mamilioni ya dola ukakuta maji ya chumvi na matope. Mafuta yakishapatikana, mitambo imefungwa, bomba limelazwa, nguvu inahama upande wa pili. Bomba halikunjwi ukalitia begini. Sasa bei ikipanda serikali inaanza kuusoma mkataba upya, hivi kweli tulikubali hizi asilimia? Venezuela mwaka 2007, Hugo Chávez aliwaambia waliokuwa kwenye mafuta mazito ya Orinoco kwamba kampuni ya serikali, PDVSA, lazima ishike hisa nyingi. Chevron na Total wakameza wakabaki. Exxon na ConocoPhillips wakagoma, wakaacha mali zao wakaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa. ConocoPhillips mwaka 2019 wakashinda dola bilioni 8.7, ila kushinda karatasini na kuzitia mkononi ni safari mbili tofauti. Na mimi serikali huwa naielewa kiasi fulani, mkataba uliosainiwa pipa likiwa dola 20 ukiusoma pipa likiwa dola 100 lazima uone umeibiwa mchana kweupe. Ila ukishawapokonya wa kwanza, wa pili akija anakuja na bei ya woga wake ndani ya mkataba, hilo nalo liandike.

SWALI: Kaka naona unawatetea sana hao mabwana. Hao ndo wanaopanga bei ya mafuta dunia nzima, wanakaa mezani wanakubaliana, sisi tunaumia. Usitufanye watoto. (Msomaji mwenye hasira)

JIBU: Ndugu yangu ungeniandikia hivi mwaka 1959 ningekupa mkono. Kipindi kile kweli kampuni saba kubwa za Magharibi zilikuwa zinaamua, bei iliyotangazwa ndo hiyo, na nchi yenye mafuta inasoma tangazo kama mtu mwingine yeyote. Ila Agosti 1960 waliikata bei bila kuwauliza wenye mafuta, na mapato ya zile nchi yalikuwa yanahesabiwa kwa bei hiyohiyo. Mwezi uliofuata Iran, Iraq, Kuwait, Saudi Arabia na Venezuela wakakutana Baghdad wakaanzisha OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta. Zile kampuni saba zilijitengenezea adui zenyewe kwa tangazo moja, sijui kama kuna uamuzi wa gharama kuliko ule kwenye biashara hii. Kufika mwaka 1973 na mwanzoni mwa 1974 bei ikatoka kama dola 3 mpaka karibu 12 na waliopandisha sio wao.

Leo bei inatoka sokoni, na anayeweza kulisukuma soko hilo ni yule anayeweza kufunga au kufungua bomba kwa makusudi, yaani Saudi Arabia na wenzake wa OPEC, pamoja na Urusi na wengine waliojiunga nao tangu 2016. Exxon hawezi kusema mwezi huu napunguza ili bei ipande, kwanza akikaa mezani na Chevron wakakubaliana hivyo ni kesi ya jinai Marekani, na hawa wanaijua hiyo sheria vizuri, wote wawili wametoka kwenye tumbo la Standard Oil, jitu la mafuta la zamani lililopasuliwa na mahakama vipande 34 mwaka 1911.

Unataka ushahidi kwamba hawapangi? Mwaka 2014 katikati pipa lilikuwa juu ya dola 100. Novemba OPEC wakakaa wakakataa kupunguza uzalishaji, Januari 2016 pipa likawa chini ya dola 30. Nani akiwa na uwezo wa kupanga bei anajipangia 30? Alafu ile ya 2020 ndo kiboko. Machi Saudi Arabia na Urusi wanagombana, kila mmoja anamwaga mafuta, wakati huohuo korona imefungia watu ndani, ndege zimelala. Aprili 20 mkataba wa mafuta ghafi ya Marekani ya kupokelewa mwezi Mei ukafunga siku kwa dola 37.63 chini ya sifuri. Chini ya sifuri ndugu yangu, unachukua mzigo na hela juu. Sababu ni ya kawaida kabisa, matangi ya Cushing, Oklahoma, ambako mafuta hayo hupokelewa, nafasi iliyobaki ilikuwa imeshakodishwa, na aliyekuwa ameshika mkataba siku za mwisho na hana pa kuyaweka alikuwa radhi kulipa ili aondolewe huo mzigo.

Ulipokosea kidogo tu ni hapa: hawapangi bei lakini bei ikipanda wanafaidi, na hilo ndo linalowauma watu, kwa haki. Kwenye hesabu yao bei ni kama mvua kwa mkulima, ikinyesha hajainyeshesha yeye, ila maghala yanayojaa ni yake. Na mvua hii inaweza kutoka kokote, Mlango wa Hormuz, ule mkondo mwembamba wa bahari kati ya Iran na Oman, peke yake unapitisha kwa siku za kawaida mapipa kama milioni 20 kwa siku, karibu moja ya tano ya yanayotumika duniani, kwa hiyo mtu akikohoa kwa nguvu pale bei inashtuka London.

SWALI: Habari mhariri, mimi nafuatilia hisa. BP 2020 walisema watapunguza kuchimba mafuta na gesi kwa 40% kufikia 2030. 2023 wakasema 25%. 2025 wakasema tunaongeza. Hawa ni vigeugeu au kuna kitu sioni? (Mpenda hisa)

JIBU: Nzuri. Hapa ndo tunafika kwenye lile swali la tatu, hela ya nani.

Kampuni hizi hela yao ni ya wenye hisa, na mwenye hisa sio mtu mmoja mwenye akili moja. Kuna siku moja huwa naikumbuka sana, Mei 26, 2021. Mahakama ya The Hague, Uholanzi, inaiamuru Shell ipunguze hewa ukaa kwa 45% kufikia 2030 ukilinganisha na 2019, ikiwemo ile inayotoka kwa wateja wao. Siku hiyohiyo, mfuko mdogo wa uwekezaji unaoitwa Engine No. 1, wenye kama 0.02% ya hisa za Exxon, unashawishi mifuko mikubwa na kuanza kuingiza watu wake kwenye bodi, mwishowe wakaingia watatu. Na siku hiyo pia wenye hisa wa Chevron wanapiga kura asilimia 61 kutaka kampuni ipunguze hewa chafu inayotokana na mafuta wanayouza. Mahakama, bodi, mkutano, siku moja. Kipindi kile pipa lilikuwa limetoka kuzimu, Exxon wameshatolewa kwenye Dow Jones, ile orodha ya hisa za kampuni kubwa za Marekani, Agosti 2020 baada ya kukaa humo tangu 1928, na kila mtu anasema mafuta basi.

Alafu 2022 bei ikalipuka. Mwenye hisa yuleyule aliyekuwa anauliza kuhusu hali ya hewa akaanza kuuliza mbona gawio letu dogo kuliko la jirani. Upepo na jua ukiwekeza faida yake inakuja taratibu na nyembamba, kisima kizuri kinarudisha hela haraka. BP waliotangulia kujikata wakaona hisa zao zinabaki nyuma ya wenzao, akaja mwekezaji mkorofi Elliott akakamata karibu 5%, na Februari 2025 wakageuza gari: kwenye mafuta na gesi dola bilioni 10 kwa mwaka, kwenye nishati mbadala wakakata zaidi ya bilioni 5 kwa mwaka. Hata ile hukumu ya Shell, Novemba 2024 mahakama ya rufaa ikaitengua, ikasema wajibu wa kupunguza wanao lakini sisi hatuwezi kuwapangia asilimia.

Vigeugeu? Mimi BP siwalaumu kwa kugeuka. Nawalaumu kwa kutangaza namba na mwaka hadharani kwenye biashara ambayo bei haipo mikononi mwao, sheria haipo mikononi mwao, na mwenye hisa anabadilika na bei. Ukiahidi 40% umeahidi kwa niaba ya watu ambao hujawauliza. Na kuna gharama ya pili ambayo haionekani kwenye mahesabu, ukigeuka mara mbili ndani ya miaka mitano hata ukisema kweli mara ya tatu nani anakusikiliza.

SWALI: Mzee magari ya umeme yatawamaliza lini hawa jamaa? (Kijana wa gereji)

JIBU: Kijana umeuliza kwa furaha mpaka nimeisikia. Mwaka 2024 magari ya umeme yaliyouzwa duniani yalipita milioni 17, zaidi ya gari moja kwenye kila tano mpya, na ndani ya China peke yake ilikuwa karibu nusu ya magari mapya. Si mchezo. Lakini gari jipya sio gari lililopo barabarani, mazee yaliyopo yataendelea kunywa petroli miaka mingi, na bado kuna malori, ndege, meli, na plastiki yote unayoiona gereji kwako.

Kinachowanyima usingizi sio kufa, ni kubahatisha. Guyana, Exxon waligundua mafuta 2015, pipa la kwanza likatoka Desemba 2019, na hiyo miaka minne na kitu kwa kina kirefu cha bahari ilionekana ni mwendo wa duma. Ukishaanza unategemea uuze miaka ishirini, thelathini. Kwa hiyo anayesaini leo anabeti juu ya gari ambalo mtoto ambaye hajazaliwa ataendesha.

Na nikuambie kitu, teknolojia iliyowapiga kwanza haikuwa betri. Ilikuwa ni vijikampuni vya Marekani ambavyo hakuna aliyevijua, vinapasua mwamba kwa maji ya presha na mchanga na kutoa mafuta ambayo wakubwa walishaona hayana faida. Marekani ilikuwa inatoa mapipa kama milioni 5 kwa siku mwaka 2008, sasa ni milioni 13, na tangu 2018 inaongoza dunia kwa mafuta ghafi. Wale wakubwa walikuwa wameondoka nyumbani kwenda kuhangaika na Urusi na bahari za mbali, mafuta yakatoka nyuma ya nyumba. Mwisho wa siku wakarudi kuyanunua kwa bei ya sokoni, Exxon wakaichukua kampuni ya Pioneer kwa karibu dola bilioni 60, wakamaliza Mei 2024.

SWALI: Na kwa nini wananunuana tu siku hizi badala ya kutafuta mafuta mapya?

JIBU: Kwa sababu kisima cha mwenzio kimeshajulikana kina nini. Ila hata hapo nje inakufuata, Chevron walikubaliana kuinunua kampuni ya Hess Oktoba 2023 kwa dola bilioni 53 wakitaka kile kipande chake cha Guyana, Exxon ambaye ni mbia mlemle akasema haki ya kununua kwanza ni yangu, wakaenda kwenye usuluhishi, mpaka Julai 2025 ndo Chevron akapata.

SWALI: Mwalimu ni mimi tena yule mwanafunzi. Ajali kama ile ya Deepwater Horizon, mtambo wa kuchimba kisima cha BP uliolipuka Ghuba ya Mexico, ni mazingira ya ndani au ya nje? Tumebishana darasani mpaka kengele.

JIBU: Mmebishana kitu cha maana, endeleeni. Ajali yenyewe ni ya ndani, maamuzi ya watu pale kwenye mtambo na ofisini, Aprili 20, 2010, watu 11 wakafa na kisima kikavuja siku 87. Kilichofuata ndo nje, mahakama, serikali, wavuvi, madai, BP wakaishia kulipa zaidi ya dola bilioni 65.

Lakini kuna kipande ambacho nadhani hamkukigusa. Mwezi Mei serikali ya Obama ilisimamisha uchimbaji wa kina kirefu kwenye Ghuba ya Mexico, visima 33 vya utafutaji vikasimama, vingi si vya BP. Kuna kampuni ambazo hazikumwaga hata tone, zilikuwa na mitambo ya kukodi inayolipiwa kwa siku, zikakaa zinaangalia bahari mpaka Oktoba agizo lilipoondolewa. Kwa BP hiyo ajali ilianzia ndani. Kwa wao ilikuwa ya nje tupu. Waambie hivyo kesho muone kengele ikilia tena.